Somo: Kudai haki zako ukiwa na ugonjwa wa muda mrefu, kuanzia fomu ya hospitali hadi kodi

Swali ni lile lile kila juma: "Nina ugonjwa usiopona; serikali itanisaidia vipi?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, na hata kwenye foleni ya dawa hapa Kisumu. Leo ninaandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ieleweke kwanza kwamba Kenya haina malipo ya kila mwezi yanayomfuata mtu kwa sababu tu ya kuugua. Zipo haki zilizotawanyika katika sheria mbalimbali, na kadhaa kati yake hazifunguki bila kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo wengi wetu hulijua kama NCPWD. Wanaodhani kadi hiyo ni ya wasioona na wanaotumia viti vya magurudumu pekee wasome Ibara ya 260 ya Katiba ya 2010: maana ya ulemavu imejumuisha hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli za kawaida za kila siku. Kwa hiyo selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), kifafa au ugonjwa wa figo unaweza kukuingiza, ila si kwa jina lake.

Hatua ya kwanza. Andaa kitambulisho, nambari ya PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha na akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Hatua ya pili. Kusanya karatasi zote za kliniki, za kulazwa na za vipimo, uzipange kwa tarehe.

Hatua ya tatu. Nenda ukapimwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kama hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa kwetu au ile ya kaunti ya Nakuru. Uliza kwanza siku ambayo madaktari wa tathmini huketi, usije ukapoteza nauli.

Hapa ndipo wengi hukwama. Fomu ya kwanza ya tathmini ya mdogo wangu ilirudishwa kwa sababu iliandikwa "selimundu tangu utotoni" na basi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli lakini hayakuwa na msaada, kwa kuwa tathmini haipimi jina la ugonjwa bali kazi ambazo mwili umeshindwa kuzifanya. Kati ya watu wawili wenye selimundu, mmoja hutembea hadi sokoni na kurudi, ilhali mwingine mfupa wake wa nyonga umekufa kwa kukosa damu na hawezi kupanda matatu bila kushikwa mkono. Andika ukurasa mmoja kabla ya kwenda: unatembea umbali gani kabla ya kusimama, unaweza kusimama kwa muda gani, ni nani anayekusaidia kuoga, siku mbaya huwaje na hurudi mara ngapi. Sisi watu wa huku tuna mazoea ya kujikaza mbele ya daktari. Akituuliza hali, tunajibu "Nzuri, daktari, tunamshukuru Mungu," na hiyo nzuri inaandikwa. Mshukuru Mungu, kisha eleza siku mbaya. Wala usitie chumvi, maana karatasi za kliniki zitakuumbua. Kabla ya kuondoka, hakikisha kwamba jina linalingana na kitambulisho herufi kwa herufi, sahihi zote zimetiwa, mhuri wa hospitali unasomeka, na imeandikwa iwapo ulemavu ni wa kudumu au wa muda. Anayekungoja langoni akikuahidi sahihi ya haraka kwa malipo anakuuzia karatasi ya kughushi.

Hatua ya nne. Jisajili kwa Baraza kupitia eCitizen, au nenda kwenye ofisi yao ya kaunti.

Hatua ya tano. Ipeleke kadi mahali inapofanya kazi. Kwa mwenye mshahara, faida kubwa ni kodi: shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Hata hivyo, kadi peke yake haimzuii mwajiri kukata. Ni lazima uombe cheti cha msamaha kutoka KRA kupitia iTax, tovuti yao ya kodi, umpe mwajiri nakala, na uangalie tarehe ya kuisha kwake.

Nje ya kadi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Na ikiwa jopo la madaktari litathibitisha kwamba huwezi tena kufanya kazi kabisa, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fao la ulemavu lisilongoja umri wa kustaafu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Njoro: Nina kisukari. Nitalipwa pesa ngapi kwa mwezi?

Jibu: Ndugu, soma aya ya pili, kisha hatua ya tatu.

Mwalimu, Kakamega: Nina kifafa. Baina ya mishtuko mimi ni mzima kabisa, na siku ya tathmini huenda nisionyeshe dalili yoyote. Je, nitawezaje kueleweka?

Jibu: Mwalimu, umeuliza swali zuri. Kuanzia leo, weka daftari: tarehe ya kila mshtuko, muda wake, ulivyoumia, na saa zilizopita kabla ya akili kutulia. Nenda na mtu aliyekuona ukianguka, kwa sababu wewe mwenyewe hukumbuki. Beba pia rekodi ya dawa, ili ionekane kwamba mishtuko inakuja ingawa unazimeza ipasavyo. Taja na yale unayoyaepuka kwa hofu ya kuanguka, kama kupika kwenye moto wa kuni, kupanda boda na kuoga mtoni.

Mwanachama wa Naivasha: Umepotosha watu. Mwajiri wangu hutoa siku 30 kwa mshahara kamili.

Jibu: Nimeandika "isiyopungua". Sheria imeweka kiwango cha chini. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kuzidi hapo.

Mama Pacha, Ahero: Binti yangu hawezi kuketi wala kula peke yake. Ana kadi tayari, lakini pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hatujaziona.

Jibu: Pole, mama. Kadi haimwingizi mtu moja kwa moja. Mpango huo, wa shilingi 2,000 kwa mwezi, huangalia kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa wakati wote. Zungumza na naibu wa chifu na afisa wa ustawi wa jamii ili ujue usajili utafunguliwa lini, na uhakikishe jina lako limeandikwa kama mlezi, kwa kitambulisho chako.

Mwanachama wa Bungoma: Nyongeza kidogo. Pigeni picha kila ukurasa wa fomu kabla ya kuikabidhi. Yangu ilipotea, na picha ndiyo iliyoniokoa.

Jibu: Ahsante. Nami ninaongeza: mjitumie kwa barua pepe, simu nazo huibwa.

Kijana wa Webuye: Mashine ya kiwandani ilinikata vidole mwezi wa tisa uliopita. Je, nianze na hatua ya kwanza?

Jibu: La, wewe anza kwingine. Ajali ya kazini iko chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, na dai linapaswa kuwasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwajiri naye alitakiwa kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Usichukulie kwamba alifanya hivyo. Nenda juma hili kwenye ofisi ya usalama na afya kazini iliyo karibu nawe, ukiwa na hati za mshahara, majina ya walioshuhudia na karatasi za hospitali uliyotibiwa siku ile. Kadi utaishughulikia baadaye.