Namna ya kuandika kichekesho cha kutazamwa na nyumba nzima

Anza na siri. Kabla hujaandika hata mzaha mmoja, chukua daftari, andika jina la mhusika wako, na chini yake mambo mawili: anataka nini na anaficha nini. La pili likikosekana, funga daftari ujaribu tena kesho. Naandika na kuongoza michezo ya kikundi kidogo hapa Mombasa, na kwa miaka kadhaa tumeuza vipindi kwa runinga. Miswada ninayoletewa na vijana karibu yote huanza upande wa pili: kuna mzaha mkali, halafu anatafutwa mtu wa kuusema. Mtu huyo hana haja wala hofu, kwa hiyo ifikapo dakika ya tatu amebaki na matusi tu.

Mfano mnaujua. Papa Shirandula, aliyechezwa na marehemu Charles Bukeko kule runinga ya Citizen hadi maradhi ya korona yalipomchukua Julai 2020, alikuwa mlinzi aliyemficha mkewe kazi anayofanya. Hebu fikiria ni vipindi vingapi vimelala ndani ya siri hiyo moja. Kila anayebisha mlango ni hatari. Kila salamu kutoka kazini ni hatari. Nasi tunamcheka huku tunamwombea asigundulike, maana hofu yake tunaijua: ni nani ambaye hajatamani aonekane mkubwa zaidi machoni pa mke, wakwe au majirani?

Ukishapata siri, jiulize unamwandikia nani. Utotoni mwangu Changamwe baba alikuwa na Greatwall ya inchi kumi na nne, ya rangi mbili, ikila betri ya gari. Betri ilipelekwa kuchajiwa mapema ili isizime katikati ya Vitimbi, kichekesho cha runinga cha enzi hizo. Watoto tulikaa mbele kwenye mkeka, akina mama vitini nyuma yetu, na wanaume wakasimama mlangoni kana kwamba wanapita tu. Mzee Ojwang, mhusika wake mkuu, aliwachekesha wote hao kwa pamoja. Sikumbuki hata mara moja mtu mzima kukohoa ghafla, au kumtuma mtoto maji ya kunywa ili sentensi ipite. Leo kila mtu ana simu yake, na mwandishi anamwandikia mtu mmoja aliyejilaza peke yake, ambaye kidole chake kinapaswa kusimamishwa ndani ya sekunde chache. Njia fupi ya kukisimamisha ni kumdhalilisha mtu: unene wake, weusi wake, ufupi wake, ushamba wake. Kisha stesheni zikaenda kuwachukua wachekeshaji hao wa simuni kwa sababu wana wafuasi, zikawapa nusu saa. Mzaha wa dakika moja hauwezi kujaza nusu saa, kwa hiyo unarudiwa, na kila unaporudiwa unaongezwa ukali. Hivyo ndivyo sebule zetu zilivyopokonywa kicheko. Tunakaa na rimoti mkononi, tayari kubadilisha kituo mama mkwe akiwepo.

Basi mwandikie mama mkwe. Nasema kweli. Katika kila onyesho mweke kichwani mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka sita wamekaa mkeka mmoja.

Nikuonyeshe tulivyofanya kipindi kimoja, maana kazi hii haishikiki kwa maelezo matupu. Mhusika ni Salim, karani wa duka la vipuri. Mama mkwe anakuja kutoka Lamu, na Salim alishamwambia kwa simu kwamba wamenunua friji. Hawajanunua. Anaazima ya jirani, Mama Zuhura, kwa alasiri moja. Hiyo ndiyo siri.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mbaya, na nataka uione ilivyokuwa mbaya. Niliandika kwamba Mama Zuhura ni mnene mno, akija kuangalia friji yake anakwama mlangoni, wanaume watatu wanamvuta. Siku ya mazoezi chumba kizima kiliangua kicheko isipokuwa dada aliyepewa nafasi hiyo. Alisoma mistari yake yote vizuri, akafunga karatasi, akaniuliza kwa upole, "Na mimi hapa nataka nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwandika kama kabati. Usiku ule nilifuta kurasa nne.

Jibu lilikuwa ndani ya friji yenyewe. Mama Zuhura anauza barafu za ukwaju. Akiitoa friji, ametoa duka lake. Na humo mna samaki wanne wa changu ambao hana pengine pa kuwaweka. Sasa anataka kitu: anataka kumsaidia jirani, na anataka barafu zake zisiyeyuke. Salim hana tokeni za umeme, kwa hiyo waya wa ekstensheni unatoka dirishani kwa Mama Zuhura, unavuka uchochoro, unaingia dirishani kwa Salim juu ya kiti alichotengewa mgeni. Sikulazimika kubuni mzaha wowote baada ya hapo. Mama mkwe amekaa chini ya waya, Salim anajisifia friji, na mtoto anabisha.

"Hodi! Barafu za ukwaju mbili!"

Mama mkwe anageuka. "Kumbe mna biashara, mwanangu?"

Hapa muswada unasema: *kimya, hesabu hadi nne*. Kisha Salim: "Tumeanza juzi, mama."

"Basi mpe mtoto. Jua kali."

Anampa. Anakuja mtoto wa pili, halafu watoto watatu, halafu madrasa inatoka. Salim anauza mali ya watu mbele ya mkwewe, huku Mama Zuhura akihesabu kutoka dirishani kwake vidole vikiishia. Hakuna aliyetukanwa, na watazamaji wanashindwa kukaa vitini. Angalia kinachofanya kazi hapo: kila jambo jema analotendewa Salim linamsukuma ndani zaidi ya uongo wake. Mama mkwe akimsifu, ameumia. Mteja akija, ameumia. Ukiona onyesho lako limekwama, usimlete mtu wa kumtukana mhusika. Mlete wa kumsifu.

Sasa namna ya kumaliza, na hapa ndipo wengi huharibu. Uongo lazima ufichuke, lakini fikiria kwanza nani atakayeufichua na kwa sauti gani. Ukimfedhehesha Salim mbele ya watoto wake, umewapa watazamaji kicheko kimoja na kuwanyang'anya mtu waliyempenda. Sisi tulimwacha mama mkwe ajue tangu mwanzo, tangu alipoketi chini ya waya. Anafungua fundo la leso, anatoa pesa za barafu zote, anamkabidhi mtoto wa mwisho: "Mpelekee yule mama wa dirishani." Kisha anamgeukia Salim bila kuinua sauti: "Friji ya watu inarudi saa ngapi? Nipatie maji baridi kwanza."

Kuhusu lafudhi, nenda polepole. Mzee Ojwang alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na miaka yote ile alicheza Mjaluo kiasi kwamba wengi walishangaa kusikia kabila lake. Mama Kayai, mkewe mchezoni, yaani Mary Khavere, ni Mluhya. Watu huniambia: basi hata sisi tuigize makabila. Wanasahau kwamba yule mzee hakuwa mjinga kwa sababu ya kabila. Alikuwa na hila zake, tamaa zake, nyumba yake na mke asiyekosa jibu. Lafudhi ilikuwa nguo aliyovaa juu ya mtu aliyekamilika. Na baada ya yale tuliyopitia mwanzoni mwa 2008, ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, masikio yetu yanasikia mzaha wa kabila kwa namna nyingine, na ni haki yake. Ninachofanya mimi ni kusomesha onyesho zima mara ya kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, bila lafudhi ya yeyote. Pale panapochekesha panabaki. Pale panapolala napafuta, kwa sababu kilichokuwa kikichekesha ni kabila la watu. Lafudhi inaingia mwisho, na mwenye kabila hilo akiwepo chumbani.

Mpe mke maneno ya mwisho, walau nusu ya vipindi. Na si kwa ajili ya usawa peke yake, ingawa naujali. Mke wa kupigiwa kelele tu hana la kufanya kwenye onyesho. Mke mwenye akili kuliko mumewe anampa mume ukuta wa kugonga kichwa, na kicheko kinatoka hapo.

Kwenye kurekodi, mwambie mpiga picha asimfuate anayesema. Kichekesho kimo usoni mwa anayesikia. Mtoto aliposema "Hodi", picha yetu ilibaki kwa Salim, kikombe cha chai kimesimama katikati ya meza na mdomo. Inapowezekana chukua picha pana, waonekane wote watatu, mtazamaji achague wa kumwangalia. Usibandike vicheko vya mashine wala zile sauti za kugonga sufuria. Mtazamaji akishaambiwa acheke wapi, anaacha kutafuta mwenyewe.

Urefu: nafasi ya nusu saa, ukitoa matangazo, ni dakika ishirini na mbili au tatu za mchezo. Kurasa ishirini na mbili zinatosha. Sehemu mbili au tatu za kurekodia, waigizaji sita. Na usiende stesheni na kipindi kimoja. Wao hufikiria kwa robo mwaka, vipindi 13. Andika siri kumi na tatu kwa wahusika wale wale kabla hujaandika mazungumzo ya kipindi cha pili. Ukifika ya saba ukakauka, tatizo liko kwa wahusika, warudie hao.

Utakutana na mtayarishaji atakayetaka viungo. Sisi tulikutana naye. Stesheni ilipenda kipindi cha friji, ikataka tumwongeze binti wa nguo za kubana awe anapita uchochoroni, na wanaume wadondoshe vitu. Tulikataa, tukapoteza nafasi hiyo, na waigizaji wangu sita walikaa miezi mitano bila malipo. Uchungu wake bado ninao, na sitakudanganya kwamba kukataa ni rahisi. Lakini nenda na hoja mkononi: kanuni za utangazaji Kenya zinataka kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kionyeshwe kinachofaa familia. Mwulize mtayarishaji kipindi anakiweka saa ngapi. Akisema saa moja na nusu jioni, mwambie huyo binti hana nafasi hapo, na umwonyeshe siri zako kumi na tatu. Stesheni ya pili tuliyoijaribu ilizisoma zote palepale mezani, ikachukua.

Kabla ya yote hayo, fanya usomaji wa sebule. Usisomee waigizaji wenzako. Wao hucheka ufundi. Tafuta nyumba yenye watu wa rika zote, omba ruhusa, peleka mikate na chai, soma muswada mzima wakiwa wanafanya shughuli zao. Usiwaangalie usoni. Sikiliza tu vijiko, na uweke alama ya kalamu pale vinaposimama. Ukisikia mama anamwita mtoto jikoni bila sababu, weka alama nyekundu: hapo umeandika jambo la kumwaibisha.

Kipindi cha friji nilikisomea kwa nyanya yangu, Kisauni, wajukuu tisa wamejazana. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa tangu ukurasa wa kwanza. Nilipomaliza, watoto wakiwa bado wanaigizana "Hodi! Barafu za ukwaju mbili!", aliweka ungo chini akaniuliza wale changu wanne wa Mama Zuhura wameishia wapi, maana jua lile na friji ilishahamishwa. Nilikuwa nimewasahau kabisa. Nilirudi nyumbani nikaongeza mistari minne: Mama Zuhura anaingia na sinia, samaki wameshakaangwa, na waya anaukunja mkononi.