Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufuata Fursa za Vyuoni Arusha na Moshi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma Arusha au Moshi amezungukwa na taasisi ambazo wenzake wa mikoa mingine huzisikia kwenye taarifa ya habari tu. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko huko huko, na ukumbi wa AICC hupokea mikutano ya kimataifa. Ukishika barabara ya Moshi unapita Tengeru iliko Taasisi ya Nelson Mandela, kisha Usa River na vyuo vyake, hadi ufike Moshi penye Chuo Kikuu cha Ushirika, hospitali ya rufaa ya KCMC na, mlimani kidogo, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka. Kwa hiyo siku za ajira, makongamano, midahalo, maonesho na nafasi za kujitolea hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni muda, kwa sababu tangazo hufika kwenye kundi la WhatsApp la darasa zikiwa zimebaki siku tatu maombi yafungwe, na kwa siku tatu ni vigumu kupata hata hati moja kutoka ofisi ya umma. Sehemu kubwa ya maandalizi, basi, hufanyika tangazo likiwa bado halijatoka.

Jambo ambalo ningelipa uzito kuliko mengine yote ni majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, kitambulisho cha Taifa na kitambulisho cha chuo, uvipange mezani na kulinganisha herufi kwa herufi. Ni jambo la kawaida kabisa kukuta jina la kati limeandikwa kwa kirefu kwenye cheti cha shule, limebaki herufi moja kwenye usajili wa chuo, na kwenye kitambulisho cha NIDA jina la ukoo limekaa mahali pa jina la babu. Au Elibariki wa hati moja amekuwa Elibarick kwenye nyingine kwa sababu tu aliyejaza fomu alipenda kuandika hivyo. Tofauti kama hizo hazimsumbui mtu akiwa darasani, lakini mfumo wa maombi ya kazi, wa mikopo au wa pasipoti hauna namna ya kujua kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu, ila marekebisho kwenye kumbukumbu za RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na za NIDA, wanaotoa kitambulisho cha Taifa, yana taratibu na ada zake, na hayaharakishwi na ukweli kwamba usaili wako ni Jumatatu. Anayegundua kasoro hiyo mwaka wa kwanza ana nafasi ya kuirekebisha bila presha. Anayeigundua muhula wa mwisho hujikuta akizunguka ofisini wakati wenzake wanasoma.

Vyeti vyenyewe navyo vina masharti yake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakirudia kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti, kwamba nakala ziwe zimethibitishwa na mwanasheria, na kwamba mwombaji ataje wadhamini watatu wanaoaminika. Hata kama leo unaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo tu, ni vizuri kuzoea kiwango hicho mapema. Ukikuta cheti chako bado kiko shuleni ulikosoma, kifuate likizo hii. Nakala ziskaniwe stationari, kila cheti katika faili lake la PDF lenye jina linaloeleweka, kisha zihifadhiwe kwenye barua pepe yako. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu juu ya shuka, huku kivuli cha mkono kikiziba nusu ya mhuri, inamwambia anayepokea maombi mambo ambayo hukukusudia kumwambia.

Kuhusu wasifu, kurasa mbili zinamtosha mwanafunzi, na nafasi iliyopo isiliwe na orodha ya sifa ambazo kila mtu hujipa, kama vile uchapakazi na uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano. Mwajiri anataka kujua ulifanya nini hasa. Mwanafunzi wa ushirika au uhasibu aliyeandika kwamba alifanya field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) hajasema kitu; aliyeandika kwamba alilinganisha daftari la marejesho ya mikopo na stakabadhi za benki, akaandaa orodha ya wanachama waliochelewa kulipa na kumkabidhi meneja, amempa msomaji jambo la kumuuliza kwenye usaili. Wadhamini waombwe ridhaa kabla ya majina yao kuandikwa. Mhadhiri anayepigiwa simu na ofisi asiyoijua kumhusu mwanafunzi asiyemkumbuka hatasema mabaya, lakini pia hatakuwa na la kusema.

Tangazo likishafika, kabla ya kulisambaza kwa wengine, hakikisha ni la kweli. Pita Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au idara yako uulize kama wanalijua, angalia kama taasisi iliyotajwa imelitoa kwenye tovuti yake, na tazama anwani ya barua pepe iliyowekwa. Tangazo linalotaka utume ada ya fomu, ya usaili au ya sare kwa namba ya simu ya mtu binafsi lichukuliwe kuwa ni utapeli hadi ithibitike vinginevyo. Malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, wala hayapitii kwenye simu ya ofisa yeyote. Ikiwa mwito unakutaka ufike na nakala za kitambulisho chako mahali pasipoeleweka, usiende.

Kila tukio lina maandalizi yake ya kichwani, na hapa ndipo wengi hufika mikono mitupu ingawa mafaili yamejaa. Mdahalo au kongamano linalohusu Jumuiya ya Afrika Mashariki linamtaka mshiriki ajue walau kwamba mkataba wake ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, kwamba nchi wanachama sasa ni 8 baada ya Somalia kujiunga, na kwamba umoja wa forodha ulioanza mwaka 2005, unaohusu ushuru wa bidhaa, si kitu kimoja na soko la pamoja lililoanza mwaka 2010, linalohusu pia watu, huduma na mitaji kuvuka mipaka. Asiyeweza kutenganisha hayo mawili atakaa kimya hoja zikianza kuhusu mahindi yanayozuiwa Namanga, mpakani na Kenya, ilhali yeye ndiye anayeishi karibu na mpaka huo. Mwanafunzi wa sheria anayetaka kuhudhuria vikao vya wazi vya Mahakama ya Afrika asome kwanza shauri litakalosikilizwa, aulize utaratibu wa kuingia, na abebe kitambulisho.

Maonesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, ambayo hufanyika mwezi Juni, yanahitaji busara ya aina nyingine. Wenye kampuni huwa wamekuja kukutana na mawakala kutoka nje na msimu wa wageni wengi ndio unaanza, kwa hiyo mwanafunzi anayesimama mbele ya meza kuomba kazi kwa dakika ishirini anamchelewesha mtu. Chagua kampuni chache kabla ya kwenda, soma safari wanazouza, kisha uliza swali moja fupi: ni nani anayepokea wanafunzi wa field na maombi hupokelewa mwezi gani. Kwenye Nanenane, viwanja vya Themi, hali ni tofauti. Wataalamu wa taasisi za utafiti hukaa bandani siku nzima, na wengi wao hufurahi kuulizwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika nao wana Siku ya Ushirika Duniani, Jumamosi ya kwanza ya Julai, ambayo ni wakati mzuri wa kuwapata viongozi wa vyama wakiwa pamoja.

Fursa nyingine hudai maandalizi ya miezi. Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018, hugharimu shilingi 150,000, na mwaliko wa mashindano ya Nairobi au Kampala hauwezi kukusubiri uchange fedha hizo. Kwa wanaokwenda kujifunza au kujitolea hospitalini, chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu ndani ya takriban miezi sita, kwa hiyo anayetarajia kuingia wodini Julai anapaswa kuwa amechanjwa dozi ya kwanza Januari. Hakikisha pia kadi yako ya bima ya afya inafanya kazi.

Kabla ya kukubali kujitolea popote, uliza nauli na chakula ni juu ya nani, nani atakusimamia, utafanya kazi saa ngapi kwa wiki, na kama utapewa barua inayoeleza kazi uliyofanya. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Taasisi isiyotaka kujibu maswali hayo kwa maandishi huenda inatafuta mtu wa kubeba viti tu.

Ruhusa ya kukosa vipindi iombwe kwa barua, na tarehe ya tukio ilinganishwe na ratiba ya majaribio, kwa kuwa cheti cha ushiriki hakiwezi kuziba alama za jaribio ulilolikosa. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takriban kilomita 80, lakini Coaster husimama Boma Ng'ombe, Maji ya Chai na Usa River, na mwendo kwenye makazi una kikomo. Kwa tukio la saa tatu asubuhi uwe stendi saa kumi na mbili. Juni na Julai beba sweta.

Mwisho, andika rasimu ya barua pepe ya kufuatilia siku moja kabla ya tukio, yenye salamu, utambulisho wa mistari miwili na nafasi iliyo wazi ya kujaza jina la utakayeonana naye na mlichozungumza. Ukirudi bwenini jioni umechoka, utabaki na kazi ya kujaza nafasi hizo, kuambatisha wasifu na kutuma.