Kuchagua trekta na zana zake kwa mashamba ya nje ya Lubumbashi

Mkazi wa Lubumbashi anayepata hekta 10 kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi au ya Kasumbalesa mara nyingi huulizia bei ya trekta kabla hajazunguka shamba lake lote kwa miguu. Huko ni kuanzia mwisho. Trekta ni injini yenye magurudumu. Kazi hufanywa na zana zinazofungwa nyuma yake, na ni zana hizo, pamoja na saa zitakazotumika kwa mwaka, zinazopaswa kuamua ukubwa wa injini. Ushauri huu unamhusu mwenye hekta 5 hadi 20 ambaye hakusudii kulima eneo lote, bali anataka kipande cha mahindi na mihogo, na sehemu inayobaki isirudi kuwa pori.

Tuanze na nyasi, kwa sababu ndizo zitakazolitumia trekta kuliko unavyodhani. Mvua za huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, takriban milimita 1,200 kwa mwaka, na ifikapo Aprili nyasi zimempita mtu mrefu. Zikikauka, mtu mmoja anayechoma makala (mkaa) au kuwinda panya kilomita mbili kutoka kwako anatosha kukuteketezea miembe, ghala na nyumba ya mlinzi. Zana ya kwanza kununua ni mashine ya kufyeka yenye visu vinavyozunguka chini ya bamba la chuma. Chagua ile ambayo visu vyake vimefungwa kwa bawaba, ili vikigonga kisiki virudi nyuma badala ya kuvunja giaboksi, na ambayo mhimili wake una bolti ya usalama iliyokusudiwa kukatika kabla kitu cha bei kubwa hakijavunjika. Bolti hizo ziwekwe sandukuni kumi kumi. Anayeweka bolti ya kawaida, ngumu zaidi, kwa sababu za usalama zimemwishia, atanunua giaboksi.

Mashine ya upana wa mita 1.5 inayokwenda kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuka na kupishanisha mistari, hufyeka karibu hekta 0.6 kwa saa. Kwa hesabu hiyo hekta 8 humalizika kwa saa 13 au 14, nawe utafyeka mara mbili kwa mwaka: mara moja katikati ya mvua na mara moja mwezi Mei, nyasi zikiwa bado na unyevu. Ukanda wa kuzuia moto wenye upana wa mita 5 kuzunguka hekta 10 za mraba ni eneo lisilofikia hekta 0.7, yaani kazi ya saa moja na ziada, kisha upite na haro, zana ya kuvunjavunja udongo, ili udongo ubaki wazi. Ongeza saa 5 za kulima hekta 2, na saa chache za haro kabla ya kupanda. Jumla ya yote haifiki saa 50 kwa mwaka. Injini iliyotunzwa huvumilia maelfu ya saa, kwa hiyo mwenye shamba la aina hii asiye na kazi nyingine ya trekta afadhali akodi, au wenye mashamba watatu jirani wanunue moja kwa pamoja, wakubaliane mapema nani analipa dereva na nani analipa tairi.

Kinachobadilisha hesabu hiyo ni tela. Mwenye kubeba maji, mbolea, matofali, kuni na magunia ya mahindi hadi barabara kuu atalitumia trekta karibu kila juma, na hapo kulimiliki kunakuwa na maana. Kwa maoni yangu tela la tani 3 lenye breki zake lenyewe huingiza fedha kuliko plau, ingawa wengi huliweka mwisho wa orodha.

Sasa nguvu ya injini. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Trekta linaloandikwa nguvu-farasi 50 hufikisha kama 42 kwenye mhimili wa nyuma unaozungusha zana, na kwa hewa ya huku zinabaki 37 hivi. Mashine ya kufyeka ya mita 1.5 huhitaji kati ya 25 na 30, kwa hiyo trekta la 50 linaitosha hata nyasi zikiwa nzito. Mwenye kununua la 90 kwa ajili ya hekta 10 ataunguza mazutu (dizeli) zaidi, atashindwa kugeuka kati ya miti, na atagandamiza udongo ambao baadaye atahitaji kuupasua.

Kabla ya kulipia zana yoyote, pima pini za viungo vitatu vya kunyanyulia. Pini za mikono ya chini za daraja la kwanza zina kipenyo cha milimita 22, za daraja la pili milimita 28. Zana yenye pini ndogo inaweza kuvalishwa bushi na kufungwa kwenye trekta kubwa. Kinyume chake hakiwezekani bila kuchomelea na kuharibu.

Kwa kulima, ardhi zetu zina visiki. Sehemu kubwa ya mashamba haya ilikuwa msitu wa miombo uliokatwa kwa ajili ya makala, na mashina yake yako chini ya nyasi yakichipua kila mwaka. Plau la diski hupanda juu ya kisiki na kushuka upande wa pili, ilhali plau la bamba lililopinda hukwama na kupinda fremu. Chukua la diski mbili au tatu, ukijua kwamba huingia ardhini kwa uzito wake: ardhi nyekundu ya Septemba, iliyokauka kama tofali, hailimiki nalo, hivyo subiri mvua za kwanza zilainishe. Asiyetaka kusubiri atumie jembe la kupasua, lenye jino moja au mawili, ambalo hufungua mstari wa kupandia peke yake na hufanya kazi vizuri udongo ukiwa mkavu. Wakulima wengi wa Zambia hupanda mahindi kwa njia hiyo.

Vichuguu ndivyo vinavyowashangaza wageni wa kilimo cha Katanga. Baadhi vina urefu wa mita 5 na upana wa mita 14 chini, na hekta moja inaweza kuwa na vitatu au zaidi. Wapo wanaodai trekta lenye koleo la mbele ili "kusawazisha". Tufanye hesabu: kichuguu cha ukubwa huo, chenye umbo la pia iliyogeuzwa, kina udongo wa mita za ujazo 250 hivi, karibu tani 400. Trekta la nguvu-farasi 50 litakiparura kwa majuma, na mwishowe litakuwa limechakaa. Kazi hiyo ni ya buldoza, kama ni ya lazima. Mara nyingi si ya lazima: udongo wa kichuguu una chokaa nyingi kuliko ardhi chachu inayokizunguka, nao ukichimbwa kidogo kidogo, ukabebwa kwa tela na kutawanywa kwenye mahindi, husaidia. Mwingine hufaa kwa matofali. Lima ukikizunguka, na mistari yako ianzie hapo.

Kosa la hatari ni kufyeka ubavu wake kwa kwenda kando, gurudumu moja juu na lingine chini. Trekta hupinduka kwa muda mfupi kuliko dereva anavyoweza kuruka. Usinunue trekta lisilo na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, wala usikubali kuuziwa lenye fremu bila mkanda, kwa maana asiyefungwa mkanda hurushwa na kulaliwa na fremu ileile. Kifuniko cha mhimili wa nyuma nacho kiwepo. Mhimili huo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, na kitenge kikinaswa hakuna anayewahi kuzima injini.

Mwenye dembo, yaani bonde linalojaa maji wakati wa mvua, ndani ya shamba afikirie trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wengine hawalihitaji, kwa kuwa maji katika matairi ya nyuma, yaliyojazwa kufikia robo tatu, huongeza uzito na mshiko kwa gharama ndogo.

Kuhusu chapa, swali ni moja: filta, sahani za klachi na sili za haidroliki zinapatikana Lubumbashi leo, au zitatoka Ndola na Kitwe? Miji hiyo miwili ya Zambia iko karibu nasi kuliko Kinshasa, na mafundi wa pande zote mbili wanazijua Massey Ferguson za zamani vizuri kuliko mashine mpya zenye kompyuta. Ukienda kukagua trekta lililotumika, fika asubuhi injini ikiwa baridi na ukatae kuwashiwa kabla hujafika. Nyanyua plau kwa haidroliki, zima injini, unywe chai nusu saa: likiwa limeshuka hadi chini, sili zimekwisha. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini. Mafuta yenye rangi ya maziwa yana maji ndani. Na kwa kuwa mazutu ya kwenye bidoni za kando ya barabara mara nyingi huwa na maji na mchanga, fungua pia glasi ya chini ya filta uone muuzaji amekuwa akilinywesha nini.