Kabla hujaenda Kilwa Kisiwani: uliza maji kwanza

Watu wengi wakipanga safari ya Kilwa wanaanza na tiketi ya basi, halafu gesti, halafu mwishoni kabisa ndo wanakumbuka kwamba kuna bahari ya kuvuka. Geuza mpangilio huo, anza na maji. Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, iko kama kilomita 2 tu kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia, ukisimama gatini unaiona hiyo hapo, ila saa ya kuvuka na pa kushukia vinategemea maji yamekupwa au yamejaa, na kama unataka kuunganisha na Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, siku hiyohiyo ndo kabisa, maji yakikataa yamekataa.

Kwa wasiokulia pwani, iko hivi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunaingia bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanakauka sana, tofauti inaweza kupita mita 3, na kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakuwa yamekauka mnamo saa nne asubuhi, muda uleule ambao kila mgeni anataka kushuka kisiwani na kamera yake. Songo Mnara unashukia upande wa mikoko, kwahiyo maji yakiwa yametoka utatembea kwenye tope na maji ya magotini, tena kwa umbali wa kutosha, na kama umebeba mzee au mtoto mdogo utajuta. Siku za maji mafu, yaani yasipojaa wala kukauka sana, mambo ni mepesi kidogo. Kwahiyo kabla hujalipia chochote piga simu kwa mtu wa Masoko, nahodha au huko unakofikia, muulize swali moja tu: tarehe fulani maji yanajaa saa ngapi? Akikujibu bila kufikiri huyo ndo mtu wako.

Upepo nao usiusahau. Kipindi cha kusi, hasa Juni mpaka Agosti, hali ya hewa ni nzuri na jua halichomi sana lakini mchana bahari inachafuka, ndo maana manahodha wanataka mtoke mapema. Ule mvuko mfupi wa Kisiwani umejificha hauna shida kubwa, wa Songo Mnara ndo wa kuuliza. Masika mimi ningeacha. Barabara ya kusini ina historia na mvua, Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata njia pale Somanga na magari yakalala barabarani.

Sasa kibali. Huwezi kukodi mashua tu ukajiendea, kuna ada ya kuingia na kibali chake kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, na unatembea na mwongoza wageni. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontroo namba, kwahiyo hakikisha kwenye simu kuna salio na sio noti tu mfukoni, na risiti uichukue uitunze. Mtanzania beba kitambulisho, NIDA au hata kile cha kura, maana bei ya raia na ya mgeni haifanani na usitegemee kwamba Kiswahili chako safi kitatosha kama ushahidi. Ofisi ni ofisi, ukifika Ijumaa jioni ukitegemea kuvuka Jumamosi alfajiri bila kuwa umeongea na mtu, utakaa gatini unatazama kisiwa.

Na mwongozaji msiachane bila kupatana. Muulize wazi: bei ni ya mtu au ya kundi, boti imo au haimo, laifu jaketi zipo ngapi, na je Husuni Kubwa tunafika? Hili la mwisho ndo la maana kuliko yote. Magofu ya karibu na pa kushukia, Gereza (ndiyo ngome), Msikiti Mkuu, Makutani, ni rahisi kuyazunguka, lakini Husuni Kubwa iko pembeni upande wa mashariki juu ya mwamba unaotazama bahari, ni mwendo wa miguu juani, na mwongozaji aliyechoka atakwambia "kule hamna kitu ni kuta tu". Kuna kitu jamani. Hilo ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa miaka ya 1300, lina vyumba zaidi ya 100, na lina birika la pembe nane lililochimbwa chini kwa ngazi, ukisimama ukingoni mwake bahari yote iko mbele yako. Huyo ndo sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331, walimwita Abul-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa akigawa mali. Hela ilikuwa inatoka wapi? Dhahabu ya Sofala, bandari ya zamani huko Msumbiji ya leo. Kilwa ilishika njia ile, na sarafu yenye jina la sultani huyo imewahi kuokotwa hadi Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe nchini Zimbabwe.

Naongelea haya kwa sababu maandalizi ya Kilwa sio mabegi tu, ni kichwa pia. Kule vibao vya maelezo ni vichache, ukienda kichwa kitupu baada ya nusu saa mawe yote yanafanana unaanza kuulizia chakula. Soma hata kurasa mbili usiku wa kuamkia safari. Kwa mfano ukijua kwamba Msikiti Mkuu umejengwa kwa vipindi tofauti, utaona mwenyewe: upande wa kaskazini ni sehemu ndogo ya zamani, karne ya 11 au 12, halafu kuna ule upanuzi mkubwa wa kusini wenye kuba na matao, ambao kwa mara ya kwanza ulisimamishwa juu ya nguzo za jiwe moja moja la matumbawe, ukaanguka, wakaujenga tena karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane unazoziona leo. Sogea karibu na nguzo, utaona matumbawe yenyewe, vile vitundu vidogo vidogo, na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Na ukiingia msikiti mdogo wa kuba inua kichwa juu, kwenye dari walipachika mabakuli ya kung'aa ya kutoka ng'ambo, angalia yalipokuwa yamekaa. Gereza nalo usidanganyike na ukuta mzima ule, Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouvamia mji, ila kinachosimama leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadae. Mwongozaji atakupa pia ile hadithi ya Ali bin Hasan wa Shiraz aliyenunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, msikilize mpaka mwisho hata kama unaijua, kila mmoja anaisimulia kivyake.

Mavazi: pale ni kijiji, watu wanaishi, wanalima na kuvua, sio bustani ya makumbusho. Wadada kanga au mtandio uwe karibu, wakaka kaptura fupi acheni Masoko. Makaburi hayakaliwi wala hayapandwi kwa ajili ya picha, na mtu unamwomba kabla ya kumpiga picha. Viatu viwe viwili, vya kulowa na vya kutembea, maana mawe yana ncha na njia ina miiba. Maji ya kunywa beba ya kutosha kuanzia Masoko, kisiwani usitegemee duka, na kofia, dawa ya mbu, pawabenki, mfuko wa nailoni wa kuwekea simu kwenye boti. Noti ndogo ndogo pia, chenji kule ni shida.

Siku? Kutoka Dar ni kama kilomita 300, unapita Mbagala, Kibiti, daraja la Mkapa pale Rufiji, unafika Nangurukuru unakata kushoto kwenda Masoko, kwa basi siku ya kwanza imeisha hiyo. Kwahiyo usiku mbili ndo kiwango cha chini, tatu kama unataka Songo Mnara, na usikate tiketi ya kurudi asubuhi ya siku unayotoka kisiwani. Ikikubakia nusu siku nenda Kivinje kwa bajaji, boma la Wajerumani na nyumba za wafanyabiashara wa zamani zinabomoka taratibu mbele ya mikoko, na kule hauhitaji kuuliza maji, unahitaji tu kumuuliza dereva kama atakusubiri au anakuacha.