Jina Labid: namna ya kulichimba hadi mzizi kabla ya kumwita mtoto

Anza na maandishi ya Kiarabu, maana itafuata. Jina hili lina herufi nne: lam, ba, ya, dal (لبيد). Ile ya ni ya kuvuta sauti, hivyo silabi ya pili ni ndefu: La-biid. Ukimalizia kwa ba badala ya dal unapata Labib, mwenye akili, na hilo ni jina jingine lenye mzizi wake. Anayekuambia Labid ni "mwerevu" amechanganya b na d za herufi za Kilatini, maana katika Kiarabu ba na dal hazifanani hata kidogo.

Toa herufi ya kuvuta, ubaki na mzizi l-b-d. Hapo ndipo kamusi inafunguliwa, na hapo ndipo wengi hupotea. Lisan al-Arab ya Ibn Manzur na al-Qamus al-Muhit ya Firuzabadi zimepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Tafuta mlango wa dal kwanza, kisha ndani yake sehemu ya lam. Ukianza na mlango wa lam utapekua bure. Chapa kadhaa za kisasa zimepangwa upya kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo kagua mpangilio kabla hujakata tamaa.

Utakachokuta kinazunguka wazo moja: kushikamana na kutobanduka. Kitenzi labada hutumika kwa aliyetua mahali akakaa asiondoke. Libd ni sufu iliyoshindiliwa mpaka ikawa kitambaa kizito, kama kile kinachowekwa chini ya tandiko la farasi. Libda ni manyoya yaliyosongamana mabegani mwa simba, na Waarabu humwita simba "mwenye libda". Katika Qur'ani mzizi huu upo Surat al-Balad aya ya 6, maalan lubadaa, mali iliyorundikana. Na Surat al-Jinn aya ya 19, libadaa, watu waliosongana wakazonga. Lubad ni tai wa saba na wa mwisho wa Luqman bin Ad katika masimulizi ya Waarabu, ndege aliyepigiwa mfano wa maisha marefu.

Neno labid lenyewe, katika umbo lile lile la Karim na Said, kamusi zinalifasiri kuwa ni gunia, au mfuko wa malisho anaovishwa mnyama kichwani. Usishtuke. Waarabu wa kale waliwapa watoto majina ya vitu vilivyowazunguka: Sakhr ni mwamba, Handhala ni tunda chungu la jangwani, na kabila la Labid mshairi, Banu Kilab, lina jina la mbwa. Ukiulizwa maana, taja vyote viwili, gunia na mzizi wa uthabiti. Kusema "thabiti" peke yake ni kulipamba jina, nalo halihitaji kupambwa.

Hatua inayofuata ni kuwatafuta waliolibeba, kwa sababu jina la kale hubeba watu wake. Wa kwanza ni Labid bin Rabia, wa Banu Amir, kabila kubwa ambalo Banu Kilab ni tawi lake, kuniya yake (jina la heshima la "baba wa fulani") Abu Aqil, mmoja wa washairi wa Muallaqat, tenzi mashuhuri za Waarabu wa kabla ya Uislamu. Alisilimu, akafia Kufa mnamo mwaka wa 41 Hijria (661), na mapokezi yanampa umri wa zaidi ya miaka 100. Inapendeza kwamba mtu mwenye jina la asiyebanduka alifungua utenzi wake mkuu kwa makazi yaliyohamwa hadi alama zikafutika. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema neno la kweli zaidi kupata kutamkwa na mshairi ni la Labid: kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu ni batili.

Wa pili ni Labid bin al-A'sam, aliyemfanyia Mtume uchawi, na habari yake imo pia katika Bukhari. Mzee wa familia anaweza kulikataa jina kwa sababu hiyo, basi mwendee na jibu: Abu Jahl, adui mkubwa wa Mtume, naye aliitwa Amr, na Amr bin al-As ni sahaba. Mwongezee Mahmud bin Labid, mpokezi wa hadithi wa Madina.

Matamshi hayana taabu. Hamna ain wala dad, herufi za Kiarabu zilizo ngumu kutamka. D ni nyepesi, ncha ya ulimi ikigusa meno. Kazi ipo kwenye mkazo. Kiarabu kinaukaza mwisho, laBIID, ilhali Mswahili akisoma "Labid" atakaza mwanzo. Ukiandika Labidi, mkazo wa Kiswahili unaangukia -bi-, pale pale pa Kiarabu. Kwa matumizi ya nyumbani hilo ndilo tunalolipendekeza. Epuka Labeed, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atatamka "la-be-ed".

Chagua tahajia moja kabla ya kujaza fomu ya cheti cha kuzaliwa, uiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi umpe karani aitazame anaponakili. Kabla ya kuondoka dirishani, kagua herufi ya mwisho: LABIB na LABID zinapishana kwa herufi moja tu, na karani anaweza kuandika lile alilolizoea.