Namna ya kuandika hadithi ya upelelezi ya kihistoria yenye mpelelezi mwanamke

Mwongozo huu ni kwa mwandishi anayetaka kuandika hadithi ya mauaji iliyotokea zama zilizopita, ambamo fumbo linafumbuliwa na mwanamke aliyekataa kukaa pale alipowekwa. Nitatumia mfano mmoja tu, mji wa Unguja mwaka 1908, kwa sababu ndio uwanja ninaouandikia.

Hatua ya kwanza: Chagua mwaka kabla ya kuchagua maiti

Mwaka ndio unaozaa sababu ya kuua. Utumwa Unguja ulipoteza nguvu ya kisheria kwa amri ya Aprili 1897, lakini masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na bwana wao bila ndoa, waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Kwa hiyo mwaka 1908 mtumwa wa shamba aliweza kwenda kudai uhuru wake, ilhali suria wa nyumba kubwa ya Mji Mkongwe hakuweza kuondoka isipokuwa athibitishe kwamba anateswa. Ongeza sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo humpa mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake haki ile ile ya watoto wa mke wa ndoa. Tajiri wa mashamba ya mikarafuu akifariki huku suria wake akiwa na mimba, tayari kuna watu ndani ya nyumba ile wasiotaka mimba hiyo ifike mwisho, nawe hukulazimika kubuni jambazi kutoka nje.

Hatua ya pili: Mpe kazi inayofungua milango

Waandishi wengi hudhani kwamba mwanamke shupavu ni yule anayepigana na kutukana kama mwanamume. Msomaji hamwamini, na ana haki. Tafuta kazi ambayo jamii yenyewe ilimwachia mwanamke, kisha uitazame kwa jicho la mpelelezi. Mkunga, kungwi na mwosha maiti waliingia katika vyumba ambavyo askari hakuweza kuvuka vizingiti vyake.

Mimi humchagua mwosha maiti, anayeitwa kumwosha yule suria aliyekuwa na mimba. Maiti wa kike huoshwa na wanawake, nyuma ya pazia, na mazishi hayacheleweshwi. Yeye ni miongoni mwa watu wa mwisho kuuona mwili, na ana muda mfupi mno. Onyesho hilo liandike polepole: maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, harufu ya karafuu maiti, tumbo lililokwisha kujitokeza, kisha mkono wake ukisita chini ya sikio, penye alama nyembamba iliyofunikwa na mtandio tangu asubuhi. Mwenzake anayemimina maji ameiona pia, naye anainamisha macho bila kusema neno.

Hapo ndipo penye moyo wa hadithi, na hapo nakusihi usifanye haraka. Mwosha amefundishwa kusitiri alichokiona mwilini. Akisema, amevunja amana ambayo ndiyo iliyompa heshima mtaani kwao Ng'ambo. Akinyamaza, amemsaidia muuaji. Mvutano huo una uzito kuliko kufukuzana kokote vichochoroni.

Hatua ya tatu: Ukaidi wake uwe na asili

Historia ya mahali penyewe ina mifano. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili maandishi ya Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, na ujuzi huo ndio uliomfanya mwaka 1859 kuwa mwandishi wa barua wa njama ya ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao mwingine, Sultani Majid. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, yeye na dada yake Khole walimtoa nje akiwa amejifunika nguo za kike. Ameyasimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Usimwige. Jiulize tu mhusika wako anajua nini ambacho hakutakiwa kukijua, na alikipata kwa nani.

Hatua ya nne: Weka majira sawa

Upepo wa kaskazi ndio unaoleta majahazi kutoka Arabuni, na upepo wa kusi ndio unaoyarudisha. Mshukiwa anayetaka kukimbilia Maskati kwa jahazi mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, itambidi angoje kusi. Fedha ni rupia, na waya wa simu ya maandishi (telegrafu) umekwisha kufika Unguja tangu 1879.

Hatua ya tano: Amua ushahidi utasikilizwa wapi

Usimalizie kwa muuaji kukiri ghafla. Katika mfano wetu, warithi wanataka mali igawanywe, nao wanaapa mbele ya kadhi kwamba suria aliyekufa hakuwa na mimba. Hilo ni jambo lisiloonwa na wanaume, kwa hiyo ushahidi wa wanawake peke yao hukubaliwa, na katika madhehebu ya Shafi wanatakiwa wanne. Mwosha ni mmoja. Sehemu yote ya katikati ya hadithi inakuwa safari yake ya kuwatafuta wengine watatu: mwenzake aliyeinamisha macho, mkunga aliyeitwa usiku akalipwa anyamaze, na mjakazi wa zamani wa nyumba ile. Kila mmoja ana anachokihofia, na kila mmoja ahitaji sura yake. Wakifika wanne, uongo wa warithi umefichuka pamoja na sababu ya mauaji, naye mwosha bado hajataja ile alama ya shingoni. Kama ataitaja au la, uamuzi huo uandike mwisho kabisa, baada ya kumjua vya kutosha.