Kumchagua fundi wa nyumba ya mawe Lamu, na namna ya kumlipa

Kabla ya kuuliza bei, msimamishe fundi mbele ya ukuta unaomenyuka umuulize: hapa utapiga plasta ya nini? Akijibu "simiti" hata ukuta hajaugusa, mpe kahawa yake, mshukuru, utafute mwingine.

Kuta za nyumba kongwe za Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu; hunywa unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Plasta ya chokaa huuacha unyevu huo utoke, ya simiti huuziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Baada ya masika mawili matatu plasta hubanduka mapande mapande, ikiondoka na uso wa jiwe. Kwa hivyo fundi hodari wa nyumba za bloko kule Mokowe au Malindi anaweza kukuharibia nyumba Mkomani, mtaa wa mji mkongwe, bila kukuibia hata shilingi. Ujuzi ni jambo moja, uaminifu ni jingine, na kila moja lina kipimo chake.

Kuupima ujuzi

Uliza majina barazani, Mkunguni (uwanja ulio mbele ya ngome), na kwa majirani waliotengeneza nyumba karibuni. Usitosheke na sifa. Mwambie kila fundi akupeleke kwenye nyumba tatu alizofanya, na moja kati yake iwe imeshapitiwa na masika mawili. Kazi ya mwezi jana haikwambii chochote. Plasta yoyote hupendeza mwezi wa kwanza.

Ukifika, inama. Angalia ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, maana huko ndiko chumvi huanza kutoka kama unga mweupe. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti ya mtungi mtupu ina maana plasta imeachana na ukuta. Tazama pembe za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama zimenyooka, na mahali ambapo plasta mpya imekutana na ya zamani kama pana ufa. Halafu zungumza na mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo. Muulize: alimaliza tarehe aliyoahidi? Aliongeza bei katikati ya kazi, na kwa sababu gani? Ulipomwita kurekebisha kasoro, alikuja?

Rudi kwa fundi na maswali ya chokaa. Anayeijua atakwambia uwiano bila kusita: kwa kawaida chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Atakwambia kwamba mashimo makubwa hutomewa kwa vijiwe na chokaa kwanza, wala hayajazwi kwa plasta tupu. Kwamba kila mkono (tabaka) wa plasta usizidi sentimita moja na nusu. Kwamba ukuta hulowanishwa kabla. Na kwamba kazi hufunikwa magunia mabichi isipigwe na jua, kwa sababu chokaa ikikauka haraka hupasuka na kugeuka unga. Ukisikia kwamba nyumba nzima atamaliza kwa juma moja, hiyo si kazi ya chokaa.

Swali la pili ni la dari. Boriti, yaani miti ya mikoko inayobeba dari, huoza kwanza kwenye ncha zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi makini atachoma kila ncha kwa msumari au kisu na kugonga kwa nyundo kabla ya kutaja idadi ya kubadilisha. Anayesema "tubadilishe zote" akiwa amesimama mlangoni anauza boriti. Na mwenye kupendekeza kumwaga zege la simiti juu ya boriti za zamani ili kuzuia uvujaji, huyo hatari zaidi: anaongeza uzito kwenye miti ambayo tayari imechoka, na maji yakipenya chini ya zege yanabaki humo humo yakiiozesha.

Makaratasi

Mji mkongwe wa Lamu ulitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyumba yako ikiwa ndani ya eneo hilo, kubadilisha sura ya nje, kuongeza ghorofa, kuvunja daka (ukumbi wa mlangoni) au kugusa wikio (chumba kinachovuka juu ya kichochoro) kunahitaji idhini. Anzia ofisi ya makumbusho ya Lamu, kisha serikali ya kaunti. Fundi anayesema "tufanye usiku usiku, nani ataona" anakutupia wewe mzigo, kwani kazi ikisimamishwa jina lililoandikwa ni lako.

Kwa kazi kubwa, mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwapanga makandarasi katika madaraja ya NCA 1 hadi NCA 8. Chukua nambari yake uihakiki kwa mamlaka yenyewe. Picha ya cheti kwenye simu haitoshi. Fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Hapo usilegeze, kwa sababu waya mbovu karibu na makuti si jambo la kujaribu.

Hesabu ya vifaa, uifanye mwenyewe

Mwizi wa kazi za nyumba mara nyingi haibi kwenye ufundi, huiba kwenye vifaa. Kinga yake ni tepu ya kupimia na dakika ishirini.

Chukua chumba ambacho kuta zake zina mita za mraba 40. Plasta ya mikono miwili, jumla milimita 25, inahitaji mita 1 ya ujazo. Kuta za matumbawe hazinyooki, ongeza robo: 1.25. Kwa uwiano wa moja kwa tatu, mchanga ni kama mita 1.25 za ujazo (chokaa huingia katikati ya chembe za mchanga), na chokaa ni kama mita 0.4. Chokaa kavu ya unga ina uzito wa takriban kilo 500 kwa mita ya ujazo, kwa hivyo ni kilo 200, yaani mifuko 8 ya kilo 25. Mchanga ni karibu tani 2, au magunia 40 ya kilo 50. Orodha ikija na mifuko 10, sawa, kuna upotevu. Ikija na 18, muulize kumi ya ziada inakwenda ukuta gani.

Mchanga ndio unaoharibu kazi nyingi. Matuta ya mchanga ya kijiji cha Shela yasiguswe. Huko ndiko maji ya mji yanakohifadhika, na kuchimba mchanga hakuruhusiwi. Wa ufukweni nao umejaa chumvi. Onja kidogo kwa ncha ya ulimi, ndiyo, onja: ukiwa na chumvi urudishe. Kisha jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa chache. Tope likiketi juu kwa unene unaozidi sehemu moja ya kumi, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Boriti huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Hesabu wakati punda wanashusha, kabla hawajaondoka. Mikoko hukatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hivyo dai risiti kwa muuzaji. Mzigo usio na karatasi unaweza kukamatwa gatini na pesa zako ndani yake.

Ni heri wewe ununue vifaa na fundi alipwe ufundi tu. Ukiwa Nairobi au ng'ambo, mpe jamaa asiye na undugu na fundi kazi ya kupokea mizigo, kuhesabu na kupiga picha. Katika bei, usisahau usafiri: jahazi au mashua, wapakuzi gatini, punda hadi mlangoni, na kifusi kutolewa. Kifusi ndicho kinachozua ugomvi mwishoni, kwa sababu hakuna aliyekitaja mwanzoni.

Mkataba na pesa

Kurasa mbili za Kiswahili zinatosha, zikitiwa saini mbele ya mashahidi wawili. Ziandikwe: vyumba gani na kuta zipi, uwiano wa chokaa na mchanga, idadi ya mikono ya plasta, nani ananunua nini, nani anaondoa kifusi, tarehe ya kuanza na kumaliza, na nani atagharimia vibarua wakiumia. Inshallah ni neno jema, lakini mkataba unataka tarehe pia. Katika tarehe hizo hesabu Ramadhani, ambapo kazi huishia adhuhuri, na siku za Maulidi, ambapo mji hujaa na punda hawapatikani. Kazi ya dari iwe imekwisha kabla ya Aprili. Vifaa vya kuvuka bahari visingojee kusi kali la Juni na Julai.

Malipo yafuate kazi. Tuseme ufundi ni shilingi 120,000. Arbuni 12,000 siku vyombo vinapofika na kazi kuanza. 36,000 plasta ya zamani ikishabanduliwa na mashimo kutomewa. 36,000 mkono wa kwanza ukikamilika. 24,000 umaliziaji ukikubaliwa. 12,000 za mwisho zibaki kwako mpaka masika ipite. Lipa kwa M-Pesa, kwa nambari ya aliyetia saini tu, na uandike kila awamu kwenye mkataba wenyewe.

Fundi anayetaka nusu nzima kabla ya kuanza mara nyingi ana kazi nyingine iliyokwama, na pesa zako zinakwenda kuikwamua. Akisema vibarua wake hawana chakula cha juma la kwanza, inaweza kuwa kweli. Basi gawanya awamu ziwe ndogo zaidi, usiongeze arbuni.

Kabla ya kumpa nyumba nzima, mpe ukuta mmoja. Mlipe ukuta huo kwa bei ya haki na uungoje majuma mawili. Utajua kama hufika asubuhi, kama hufunika kazi yake, na kama husafisha mwiko na karai jioni.

Mabadiliko ya katikati yasifanywe kwa mdomo. Ukitaka kidaka kiongezwe, bei na siku za ziada ziandikwe na kutiwa saini kabla ya nyundo kuinuliwa. Mkikosana, anzeni na wale mashahidi wawili na wazee wa mtaa. Ikishindikana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hapo mkataba, ujumbe wa M-Pesa na picha ndivyo vitakavyokusemea.

Siku ya kutoa zile 12,000, pita na fundi chumba kwa chumba baada ya mvua kubwa. Panda juu uone kama maji yametuama, shuka utazame madoa kwenye ncha za boriti, gonga kuta zote kuanzia chini. Panapolia mtungi mtupu, chora duara kwa mkaa. Maduara yakishazibwa, mpe pesa zake siku hiyo hiyo.